Jezi ya mauntenbaiki kwa joto la Dar: kuichagua, kuifua na kuifanya idumu

Wakuu, wengi wanaoanza mauntenbaiki, yaani baiskeli za porini na milimani, hapa Dar hela yote inaishia kwenye baiskeli, shokapu ya mbele, helmeti na taa, alafu juu wanavaa tisheti ya pamba ya kampeni au ya kamati ya harusi. Ukitoka Gongo la Mboto kwenda Pugu, kabla hata hujaanza kupanda vizuri, tisheti imeshaloa ya kukamua, imeganda mgongoni, inavuta mabega, na ukisimama juu kupumzika upepo ukikupiga unasikia baridi wakati joto ni nyuzi 31. Jezi inaondoa hiyo shida. Ila jezi nayo ina masharti yake, na huku kwetu jezi nyingi haziuliwi na miiba ya porini, zinauliwa nyumbani, kwenye beseni na kwenye kamba. Kwahiyo hapa nitaongea kununua lakini nitakaa zaidi kwenye kufua, na kama jezi unayo tayari na inanuka hata baada ya kufuliwa basi shuka moja kwa moja hatua ya sita.

Kwanza elewa joto la Dar linakufanyaje

Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sio pale linapotoka. Sasa asubuhi za Dar unyevu hewani mara nyingi unapita asilimia 80, yaani hewa yenyewe imeshashiba maji, jasho lako linatoka tu na halina pa kwenda. Mwenzako wa baiskeli za lami angalau anakimbia kwahiyo anajitengenezea upepo, wewe unapanda kilima cha Kisarawe kwa gia ndogo kabisa, spidi ya mama anayetoka sokoni na mzigo, upepo hamna. Ndo maana jezi ya porini inatakiwa iwe nyepesi, ipitishe hewa, na iachie nafasi kidogo kati ya kitambaa na ngozi.

Pamba inafeli hapo kwasababu uzi wake unanyonya maji mpaka ndani. Hata ikiwa imetulia kabatini, kwenye hali ya kawaida pamba inabeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, polista, ule uzi wa kiwandani wa jezi nyingi, haifiki hata asilimia 1. Kwenye polista maji yanatambaa juu ya nyuzi, yanasambaa eneo kubwa, yanakauka haraka. Ubaya wa polista ni kwamba inapenda mafuta, mafuta ya mwili yanaing'ang'ania na bakteria wanapata chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, mwaka 2014 walitoa matokeo ya tisheti za watu 26 waliotoka kwenye mazoezi makali ya baiskeli za ndani, za polista zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walionekana kustawi zaidi kwenye polista. Kwahiyo ukinunua jezi nzuri ya polista umenunua pia kazi ya kupambana na harufu, hilo lijue mapema.

Hatua ya 1: Jua unaendesha wapi

Hii fupi. Kama wewe ni wa Pugu, Kisarawe, Goba, Madale, Mabwepande, au njia za mchanga za Kigamboni kuelekea Kimbiji, unachohitaji ni jezi nyepesi ya kawaida ya porini, sio ile mizito ya watu wanaoteremka milima kwa spidi na kuvaa vikinga mwili. Zile nene zenye viraka vya viwiko ni nzuri kwao kule kwenye baridi, huku utaiva. Kama una mpango wa kwenda Lushoto mwezi wa sita au wa saba, kule kuna baridi kweli, chukua jezi yako hiyo hiyo uongeze koti jepesi la upepo. Sufu ya merino nyembamba ni nzuri, hainuki haraka, ila bei yake imechangamka na haikauki upesi kama polista, kwa Dar sioni sababu.

Hatua ya 2: Mikono mirefu au mifupi?

Watu wanabishana sana hapa. Mimi nasema mirefu, ila myembamba. Sababu ya kwanza ni jua, ukitoka saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa tano mikono imeshaungua hata kama wewe ni mweusi tii, na mikono kwenye usukani inakaa imeelekea juu muda wote. Sababu ya pili ni mimea. Ukipita njia nyembamba ya Kazimzumbwi au vichaka vya Pande kiangazi, maganda ya upupu yakiwa yamekauka, ukigusa tu na mkono mtupu siku yako imeisha, utajikuna mpaka watu wakuulize una nini. Jezi ya mikono mirefu haizuii upupu wote ila inapunguza sana, na miiba midogo pia inaishia kwenye kitambaa.

Mikono mifupi inafaa kwa mtu wa barabara za vumbi zilizo wazi, au jioni jua likishapoa. Kuna ile ya robo tatu inayoishia chini kidogo ya kiwiko, ilitengenezwa ili ikae vizuri juu ya vikinga viwiko, kama huvivai haina faida kubwa.

Hatua ya 3: Shika kitambaa, usisome jina

Lebo kubwa ya kampuni kifuani haikaushi jasho. Geuza ndani utafute lebo ndogo ya mshonaji, ukiona polista asilimia 100 au polista iliyochanganywa na spandeksi kidogo (ule uzi unaovutika kama mpira) uko sawa. Spandeksi nyingi sio nzuri kwenye jezi ya porini, inabana na inachoka mapema kwa joto na jua.

Uzito wa kitambaa unapimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba, na kwa Dar tafuta kati ya 120 na 150. Mara nyingi haijaandikwa, kwahiyo jipimie mwenyewe. Weka kitambaa mdomoni upulize, hewa ikipita bila kukaza mashavu ni nzuri. Alafu kama muuzaji hana noma, dondosha tone la maji upande wa ndani: likisambaa haraka na kupotea, kitambaa kinavuta jasho, likikaa kama shanga juu ya kitambaa hicho hakitakusaidia porini hata kiwe kizuri kiasi gani. Ila jezi mpya kabisa wakati mwingine inakuwa na dawa ya kiwandani inayozuia maji, ikifuliwa mara moja mbili inafunguka, kwahiyo kwa mpya usiitupe kwa tone moja.

Sasa kuna mtego. Ukitafuta nyepesi sana unaishia kwenye neti tupu ambayo jua linapita. Jezi zenye kipimo cha kukinga jua zinaandikwa UPF, na UPF 50 maana yake ni sehemu moja tu kati ya hamsini ya miale mikali ndo inapita, yaani asilimia 2. Jezi iliyotulia ni ile ambayo mabega na mgongo wa juu ni kitambaa kilichoshikana, neti iko kwapani na ubavuni. Mtengenezaji aliyefikiria hivyo ujue hata mengine kayafikiria.

Hatua ya 4: Saizi, na hapa usione aibu dukani

Usiipime jezi umesimama wima mikono chini kama unapigwa picha ya pasipoti. Vaa, inama kidogo, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Angalia vitu vitatu: mgongo wa chini usibaki wazi, ndo maana jezi za baiskeli nyuma ni ndefu kuliko mbele, mikono isipande ikaacha kifundo nje sana, mabega yasikaze. Jezi ya porini inatakiwa ilegee kuliko ile ya lami, ila sio ya kupepea mpaka inanasa kwenye siti ukishuka au kwenye miiba ukipita. Na kama unavaa begi la maji mgongoni vaa nalo wakati wa kupima, mshono mnene wa begani ukikandamizwa na mkanda wa begi kwa saa tatu unachubua ngozi.

Kwa anayeagiza mtandaoni, herufi za saizi zinadanganya, L ya mtengenezaji wa Asia mara nyingi ni M ya Marekani, na za Kiitaliano nazo zinabana. Chukua futi ya fundi, jipime kifua pale kilipo kipana, alafu linganisha na jedwali la sentimita la jezi hiyo hiyo. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa.

Hatua ya 5: Zipu, rangi, na wapi pa kununua

Zipu fupi ya kifuani ni msaada mkubwa kwenye kupanda, ukiivuta chini hewa inaingia. Chagua ya plastiki, ya chuma hewa ya chumvi ya pwani inaila, hasa mkazi wa Kigamboni, Msasani au Kunduchi. Mfuko mmoja mdogo wenye zipu wa simu au funguo unatosha, mifuko mitatu ya mgongoni kama ya watu wa lami inajaa vitu vinavyorukaruka kwenye mawe.

Rangi: porini vaa unachotaka, ila kufika porini lazima upite barabarani. Ukiwa Barabara ya Morogoro au Bagamoyo alfajiri katikati ya daladala na bodaboda, nyeusi na kijani kibichi zinakuficha. Njano kali, chungwa au pinki inakuonyesha. Nyeupe inaonekana vizuri ila udongo mwekundu wa Pugu utaimaliza wiki ya kwanza.

Kununua, chaguo langu la kwanza ni mitumba. Karume, Kariakoo, Tandika, Mwenge, ukiwahi robota likifunguliwa unakuta jezi za baiskeli ambazo muuzaji mwenyewe hajui ni za nini, anaziita jezi za mpira za ajabu, na bei inakuwa ya jezi ya mpira ya ajabu. Usimsahihishe! Ila kagua. Vuta kitambaa karibu na sikio, ukisikia sauti ya kukatika katika kama karatasi, spandeksi imeshakufa, rudisha. Inyooshe juani uone matundu. Nusa kwapani, harufu ya mtumba ya kawaida inatoka, lakini jasho la zamani lililoshika kwenye polista ni kazi nyingine. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa.

Na kwa anayeanza, hela imekata, jezi ya mpira ya Simba au Yanga uliyonayo ndani inafanya kazi kabisa, ni polista ile ile. Mgongo wake utakuwa mfupi kidogo na haina mfuko, basi. Ila isiwe feki ile nzito inayong'aa, ile haipumui.

Kama mko kundi mnataka jezi za pamoja, mafundi wa kuchapisha Kariakoo wapo wengi. Waulize kama wanachapa kwa sublimesheni, hapo rangi inaingia ndani ya uzi wenyewe, haipasuki wala haizibi hewa, na inakubali kwenye polista tu. Ile ya kubandika karatasi ya plastiki kwa pasi inaziba matundu, inaloa jasho chini yake na baada ya muda inaanza kubanduka vipande. Namba moja ndogo ya kubandika sawa, mgongo mzima usikubali. Omba sampuli moja kwanza uiendeshee kabla hamjalipa zote.

Hatua ya 6: Kutoka porini mpaka kwenye beseni

Hapa ndo jezi zinapokufa. Mtu anarudi kachoka, anavua jezi imeloa anaisokota kwenye begi, begi linakaa sebuleni mpaka kesho kutwa, au inatupwa kwenye tenga la nguo chafu isubiri Jumamosi. Kwa joto letu na unyevu wetu muda huo unatosha bakteria kuzaliana na ukungu kuanza kutoa vidoadoa vyeusi, na vile vidoa vikishaingia havitoki tena vyote.

Njia rahisi kuliko zote: oga nayo. Ingia bafuni ukiwa umevaa, jimwagie maji, jasho na chumvi vinaondoka palepale, vua, kamua taratibu bila kusokota, tundika. Hata kama utaifua vizuri kesho, tayari umeiokoa. Kama una safari ndefu ya kurudi, labda unasubiri pantoni au umepakia baiskeli kwenye gari, iweke kwenye kile kiroba cha neti cha vitunguu ipate hewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019 na kwa jezi yenye jasho hakuna tulichopoteza.

Hatua ya 7: Kufua

Tope usilifue bichi. Liache likauke kabisa, likung'ute, lisugue kwa brashi laini, ndo uloweke. Tope bichi ukilisugua unalisukuma ndani ya kitambaa.

Geuza jezi ndani nje kwasababu uchafu wenye harufu uko upande wa ngozi, funga zipu, na usiichanganye na glovu zenye velkro, zinavuta nyuzi. Lebo zikiandika nyuzi 30 usichemshe kitu, maji ya bomba ya Dar yenyewe yako karibu na hapo. Tumia sabuni ya unga kidogo au ya maji, dakika kumi na tano mpaka nusu saa za kuloweka zinatosha, kulaza usiku kucha hakusaidii. Fikicha kwa mikono, sio brashi ngumu, sio jiwe. Kama anayefua ni dada wa nyumbani mwonyeshe mara moja kwa utaratibu, manake yeye anaona nguo ya porini anachukua brashi na jiki, nia yake njema kabisa.

Vitu viwili usiweke kabisa. Softena inaacha utando kwenye nyuzi, jezi inanukia lakini haivuti jasho tena na ule utando unafungia harufu ndani. Jiki inaua spandeksi, inapausha rangi, na kwenye udongo mwekundu inaharibu zaidi kwasababu wekundu ule ni kutu ya chuma, jiki inalifanya doa lishike.

Alafu suala la maji ya kisima. Nyumba nyingi Dar zinatumia maji ya kuchimba yenye chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu, inaacha ule utando mweupe na jezi ikikauka inakuwa ngumu kama imepigwa wanga. Fua na maji hayo kama ndo uliyonayo, ila kwa sabuni ya unga, na suuza ya mwisho tafuta ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba la DAWASA au ya mvua. Ndoo moja tu, utaona tofauti kwenye ngozi.

Harufu sugu: maji ya beseni na siki nyeupe, kikombe kimoja kwa kama lita nne tano, loweka nusu saa, suuza, alafu fua kawaida. Siki na jiki visikutane kwenye beseni moja hata kidogo, vinatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu. Ikikataa, paka sabuni ya vyombo kwapani na kwenye kola, acha kidogo, fua, kwasababu tatizo hapo ni mafuta yaliyoganda. Sabuni hiyo hiyo ya vyombo ndo dawa ya grisi ya cheni, ipake doa likiwa kavu kabla maji hayajagusa.

Ukipita mashamba ya korosho Kisarawe au Mkuranga chunga mabibo, maji yake yakirukia jezi yanaacha doa la kahawia, suuza palepale na maji ya kunywa uliyonayo kwani likikauka ndo basi, utaishi nalo. Kishona nguo, vile vimbegu vya majani vinavyonasa kwenye nguo, toa kimoja kimoja kabla ya kufua. Upupu chukua selotepu, bandika na kubandua juu ya kitambaa mpaka vinyweleo vitoke, alafu fua peke yake, na usiikung'ute usoni kwako.

Mashine? Sawa, mzunguko wa taratibu, ndani ya mfuko wa neti.

Hatua ya 8: Kuanika na kutunza

Usiianike jua la saa sita kutwa nzima, jua letu linapausha rangi na kulegeza spandeksi. Kivulini penye upepo, ndani nje, kwenye hanga pana, polista inakauka upesi tu hata hivyo. Kuanzia Juni upepo wa kusi ukivuma ni raha. Kazi iko masika, Machi mpaka Mei, nguo haikauki. Hapo ilaze juu ya taulo kavu, ikunje pamoja, ikandamize taulo linywe maji, alafu itundike mbele ya feni. Isikae siku mbili mbichi. Na kama kwenu kunguru ni wengi anika chini ya bati, hawa wa Dar hawana adabu.

Pasi hapana. Jezi iliyonyooshwa vizuri kwenye hanga haina makunyanzi ya maana na pasi ikiwa kali inayeyusha nyuzi. Kabatini iingie kavu kabisa.

Hatua ya 9: Ikichanika

Uzi ukivutwa na mwiba usiukate, ukikata unaanzisha tundu. Chukua sindano, usukume upande wa ndani. Tundu dogo lishone siku hiyo hiyo kabla halijakimbia. Ukipeleka kwa fundi cherehani mwambie apige zigizaga na uzi wa polista, na awe na sindano ya ncha butu ya vitambaa vinavyovutika, mshono wa moja kwa moja utakatika siku ya kwanza ukinyoosha mikono. Fundi asiye na ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo zisichanuke, mwachie suruali. Zipu ikigoma, mara nyingi ni kile kichwa tu kimechoka, kinabadilishwa bila kung'oa zipu nzima, na kabla ya hapo jaribu kusugua mshumaa kwenye meno yake.

Jezi iliyoisha kabisa usiifanye dasta ya kukaushia baiskeli, polista hainywi maji, kwa hilo tumia ile tisheti ya kamati ya harusi. Jezi kuukuu ikate mikono, ivishe kwenye fremu siku baiskeli inapanda kwenye buti la basi la Morogoro, rangi isichubuke.